Sura ya 5: Kikombe Hakitumwi kwa Simu

Swali hili hunifikia likiwa limevaa nguo tofauti kila mara. Katekista, yaani mlei anayefundisha dini katika kanisa dogo la kijijini, huuliza kwa nini vijana wanapekua simu wakati wa mahubiri. Mzee wa Kiiraqw aliyeegemea fimbo yake huuliza nani atawabariki watu siku yeye akiondoka. Mama anayeuza vitunguu vya Mang'ola mjini Karatu haulizi kwa mafumbo: "Hivi hizi simu si zinatumalizia imani na mila?"

Nimelizungusha swali hilo kwa muda mrefu, na jibu langu ni hapana. Watu wa huku wanasali kama walivyosali, wengine zaidi. Lakini mama yule hajakosea kuhisi kwamba kuna kitu kimeguswa. Kilichoguswa ni kuhudhuria: ule wajibu wa kuuleta mwili wako mahali ambapo watu wanasali, wanalia, wanabariki au wanaomba. Zamani hapakuwa na njia nyingine ya kushiriki. Leo ipo, na bei yake ni ndogo.

Karatu na Ngorongoro, kaskazini mwa Tanzania, ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili, kwa sababu imani nyingi zinaishi jirani. Karatu wengi ni Wairaqw, wakulima na wafugaji ambao lugha yao ni ya Kikushi, ndugu wa mbali wa Kisomali na Kioromo. Mungu wao wa jadi ni Looaa, naye ni wa kike, na jina lake ndilo la jua. Pembeni mwa Ziwa Eyasi, upande wa Mang'ola, wapo Wadatoga na Wahadzabe. Ukilipita lango la Lodoare unaingia Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959 kwa wazo la watu na wanyama kuishi pamoja. Humo wafugaji wengi ni Wamasai, ambao Mungu wao huitwa Engai. Kaskazini zaidi, katika wilaya hiyohiyo ya Ngorongoro, wapo Wasonjo, ambao wenyewe hujiita Watemi. Juu ya yote hayo weka Wakatoliki, Walutheri, Wapentekoste na Waislamu. Minara ya simu imewakuta wote hao.

Mwaka ambao simu ilijaza barabara

Kama teknolojia ingekuwa inaua imani, mwaka 2011 usingetokea.

Mwaka huo, katika kijiji cha Samunge, tarafa ya Sale, eneo la Loliondo katika wilaya hiyohiyo ya Ngorongoro, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Ambilikile Mwasapile, alikuwa akiwanywesha watu dawa. Nchi nzima ilimwita Babu wa Loliondo. Alisema Mungu alimwonyesha dawa hiyo katika ndoto. Ilikuwa maji yaliyochemshwa na mizizi ya mti ambao Wasonjo huuita mugariga, kikombe kimoja kwa shilingi 500. Ilisemwa kwamba inaponya UKIMWI, kisukari, saratani, pumu na presha.

WhatsApp ilikuwa bado haijatuzoea. Habari ilikwenda kwa redio, kwa magazeti, na zaidi ya yote kwa ujumbe mfupi wa maandishi na simu za tochi, zile za vitufe. Shangazi aliyekunywa alimpigia ndugu yake Mwanza, na ndugu wa Mwanza akampigia rafiki Nairobi. Kufikia Machi foleni ya magari kuelekea Samunge ilikuwa inapimwa kwa kilomita. Mabasi, malori, magari ya wagonjwa na magari ya serikali yalipanga mstari mmoja. Wenye uwezo walikwenda kwa helikopta. Mwishoni mwa mwezi huo Babu mwenyewe aliomba watu wasiende kwa siku kadhaa ili waliokwisha fika wahudumiwe. Wapo waliofia njiani na kwenye foleni.

Niseme wazi kabla sijaendelea: hakuna uthibitisho wa kitabibu kwamba kikombe kile kiliponya magonjwa hayo, na wapo walioacha dawa zao za hospitali wakaumia. Hilo ni jeraha la kweli, na halifutwi na uzuri wa simulizi.

Ninachotaka ukitazame hapa ni sharti moja la Babu. Dawa ilikuwa inanywewa palepale Samunge, kutoka mikononi mwake. Huwezi kuichukua kwenye chupa ukampelekea mgonjwa nyumbani. Huwezi kutuma 500 kwa simu ukaandikiwa umeshakunywa. Simu ingeweza kukupa habari, nauli ya kukopa na namba ya dereva, lakini kikombe hakikutumwa kwa simu.

Kwa hiyo simu, chombo kilichotengenezwa ili watu wasilazimike kusafiri, ndiyo iliyozaa safari kubwa ya kidini kuliko zote ninazozikumbuka katika nchi hii. Na njia yenyewe! Kutoka Arusha unakatia Mto wa Mbu, unapita Engaruka, unazunguka chini ya Oldoinyo Lengai, mlima ambao Wamasai huuita mlima wa Mungu, unafuata Ziwa Natron, kisha unapanda kuelekea Usonjo. Wagonjwa wengi walimpita Engai mlangoni kwake wakienda kwa mchungaji wa Kilutheri, nao hawakuona ajabu.

Dawa ya mbali

Kwa nini mchungaji mwenye asili ya Mbeya, akiwa ugenini Usonjo, aaminiwe na watu wa mikoa yote? Wageni waliliuliza hilo kwa mshangao. Watu wa Karatu hawakushangaa sana, kwa sababu kwao dawa ya mbali ni jambo la zamani. Wairaqw wana waganga na wenye mvua wao, lakini tangu kale wamekwenda pia kwa Wadatoga, ambao waliwahi kupigana nao, na wengine wamefika hadi kwa Waihanzu wa Singida kutafuta mvua. Anayekuganga awe mgeni kidogo. Awe mahali ambapo unafika umechoka.

Usonjo nako hakukuwa kukavu kiroho kabla ya mwaka 2011. Wasonjo wana simulizi ya Ghambageu, mtenda miujiza wa kale aliyekufa, kisha kaburi lake likakutwa halina mwili. Wamisionari walipoisikia walikuna vichwa. Kikombe cha Babu kilimiminwa juu ya udongo uliokuwa na unyevu wake.

Safari, basi, ni sehemu ya dawa. Ukiiondoa safari unabaki na maji ya mizizi. Ndiyo maana wale walioibuka baadaye mikoani wakitangaza vikombe vyao karibu na stendi hawakuvuta umati wa namna ile.

Mwezi mmoja kabla ya foleni ya Samunge kufika kileleni, Februari 2011, mjadala wa kama mtu ni lazima afike mwenyewe ulikuwa Roma. Ilikuwa imetoka programu ya simu ya kuwasaidia Wakatoliki kujiandaa kwa kitubio, sakramenti ya kuungama dhambi. Watu wakauliza: je, tunaweza sasa kuungama kwa simu? Msemaji wa Vatikani, Padri Federico Lombardi, akajibu kwamba programu inaweza kusaidia kujiandaa, lakini kuungama kunahitaji mtu na padri wakutane. Vatikani na Samunge hawakushauriana, lakini walisema kitu kimoja.

Loliondo palikuwa pameshatoa somo hilo kwa njia nyingine. Mwaka 1966 padri Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu, Vincent Donovan, alimwandikia askofu wake kutoka misheni ya huko. Misheni ilikuwa na shule, hospitali na magari, na Wamasai waliitumia na kuishukuru. Waumini watu wazima, hata hivyo, hawakuwepo. Akaomba ruhusa aviweke vyote pembeni, aende boma kwa boma akaongee na watu habari za Mungu, basi. Kitabu alichokitoa mwaka 1978 kuhusu kazi hiyo bado kinasomwa na wamisionari duniani. Vifaa misheni ilikuwa navyo, ila ilikuwa haijakaa chini na watu.

"Marehemu alikuwa anasali jumuiya gani?"

Sasa tuache matukio makubwa, turudi nyumbani.

Mkatoliki wa Karatu ni mwana wa jumuiya ndogondogo, yaani kikundi cha familia jirani zinazokutana kila wiki nyumbani kwa mmojawapo, kusali na kusaidiana. Kuna daftari. Kuna mwenyekiti anayejua nani hajaonekana tangu Pasaka. Na kuna swali ambalo kila familia hulitarajia siku ya kifo, kabla hata jeneza halijanunuliwa: marehemu alikuwa anasali jumuiya gani? Kwa maoni yangu swali hilo limewarudisha watu wengi kwenye sala kuliko mahubiri ya moto.

Chukulia kijana wa Rhotia anayefanya kazi Dar es Salaam. Huduma ya kutuma pesa kwa simu ilianza nchini mwaka 2008, na tangu hapo wajibu wake wa nyumbani umekaa mfukoni. Zaka ya mama anaituma. Mchango wa ujenzi wa kanisa anaulipa kwa lipa namba, yaani namba maalumu ya taasisi ya kupokelea malipo. Msiba ukitokea, kundi la WhatsApp la ukoo hufunguliwa kabla maiti haijafika mochwari, na orodha ya michango inaanza kushuka: jina, kiasi, jina, kiasi. Jioni kijana ameshatimiza yake. Amelia kidogo kwa alama za vikaragosi na amelala.

Je, amehudhuria? Mweka hazina atasema ndiyo. Waliochimba kaburi watasema hawakumwona. Mimi nadhani wote wawili wako sahihi, na hapo ndipo penye ugomvi wa siku hizi katika familia nyingi. Simu imetenganisha vitu viwili vilivyokuwa kimoja, mchango na mwili. Zamani aliyeleta debe la mahindi alilileta mwenyewe, akakaa, akaulizwa habari, akaona watoto wa marehemu wana viatu au hawana.

Wairaqw waliwahi kuwa na mpangilio mkali zaidi wa jambo hili, tena wa upande mwingine. Uliitwa metimani: kipindi ambacho mtu aliyefikwa na kifo nyumbani mwake alikaa mbali na wenzake, asichangamane nao, mpaka muda upite na atakaswe. Makanisa yalipoingia desturi hiyo ilififia, na leo msiba ni mahali pa kujaa watu. Ninaitaja kwa sababu inaonyesha kwamba hata kutokuwepo kulikuwa na adabu yake. Kulikuwa na siku maalumu na sababu inayojulikana. Kutokuwepo kwa leo hakuna adabu wala mwisho. Kunaanza kwa "network ilisumbua" na kuishia hapohapo.

Mzee wa fimbo naye ana hoja. Wairaqw wana slufay, baraka na sala za wazee zinazotamkwa kwa mpangilio wa kishairi. Mzee mmoja hutamka na waliokaa huitikia. Vijana wamezirekodi kwa simu, na wamefanya vema, maana zingepotea. Lakini rekodi hiyo ukiisikiliza peke yako kitandani unapata sauti ya mzee bila kazi yako. Kazi yako ilikuwa kuitikia.

Kwa kifupi, hadi hapa:
- Simu hubeba habari, fedha na sauti, na huvibeba vizuri.
- Haibebi safari, mwitikio wala macho ya aliyekuona umekuja.
- Mambo mengi ya imani na mila huku yamejengwa juu ya hayo matatu ya pili.

Nisieleweke vibaya. Kwa mgonjwa aliyelala miaka mitatu, Misa ya Radio Maria si mbadala hafifu wa kitu bora. Ndiyo kanisa lake. Kwa mwanamke anayesikiliza mawaidha kwenye simu huku akipanga vitunguu Mang'ola, dini imemfuata kazini. Swali langu linawahusu wenye miguu.

Kamba ya kitovu

Wamasai wana neno osotua. Maana yake ya asili ni kamba ya kitovu, na hutumika kwa uhusiano wa watu wawili wanaoombana wakati wa shida. Ng'ombe wangu wakiisha kwa ukame, nakuja kwako, naomba kwa heshima, nawe unatoa kulingana na haja yangu na uwezo wako. Ulichotoa hakihesabiwi kama deni. Siku ukipatwa wewe, utakuja kwangu.

Simu imeirahisisha osotua na imeitia majaribuni. Imeirahisisha kwa sababu mfugaji wa Endulen anaweza kujua leo kwamba mvua imenyesha kwa rafiki yake, na ombi linafika siku hiyohiyo. Imeitia majaribuni kwa sababu kuomba kwa simu ni rahisi mno, na kukataa ni rahisi zaidi: unaiacha iite. Mtu aliyetembea siku nzima hadi bomani kwako huwezi kumwacha aite. Utamkaribisha, atakunywa maziwa, na wewe utayaona mavumbi miguuni mwake kabla hajasema neno.

Tangu Juni 2022 jambo hili limepata uzito mpya. Maelfu ya wakazi wa Ngorongoro wamehamia Msomera, wilayani Handeni mkoani Tanga, mamia ya kilomita kutoka nyumbani. Serikali imesema kuhama ni kwa hiari. Wakazi wengi waliobaki wamepinga mpango huo, na mjadala wake unastahili kitabu kizima. Hapa nagusa kipande kimoja. Familia zilizogawanyika sasa zinaunganishwa na simu, asubuhi na jioni, na bila simu maumivu yangekuwa makubwa zaidi. Ila Oldoinyo Lengai haionekani Handeni. Unaweza kutumiwa picha yake, hata video ya moshi wake, kwa kuwa ni volkano hai iliyolipuka mara ya mwisho kwa kishindo mwaka 2007 na 2008. Mti wa oreteti, ule mtini mkubwa ambao wanawake hukusanyika chini yake kumwomba Engai, nao hauhami. Unaweza kuupata mwingine huko, lakini mama yako hakuombea mvua chini yake.

Usiku usio na mwezi

Wahadzabe wana ngoma takatifu iitwayo epeme. Huchezwa usiku ambao mwezi haupo, moto ukiwa umezimwa, gizani kabisa. Wanaume huingia mmoja mmoja, kichwani manyoya ya mbuni, mguuni njuga, na wanawake huimba. Giza ni sehemu ya ibada yenyewe. Tochi moja ya simu ingetosha kuiharibu, hata kama mwenye tochi alitaka tu kuona anakokanyaga. Sijui mfano ulio wazi kuliko huo wa kitu ambacho kamera haiwezi kukichukua bila kukiua.

Usiku huohuo usio na mwezi, kilomita chache kutoka hapo, Waislamu wa Mang'ola wanaweza kuwa wanaanza kuuliza mwandamo wa Ramadhani. Kwao tatizo ni tofauti. Mwezi unahitaji shahidi: nani ameuona kwa macho yake? Zamani kijiji kilifunga kwa mwezi kilichouona au kwa habari iliyoletwa na mtu wanayemjua. Leo habari ya mwezi wa Saudia inafika simuni kabla ya magharibi ya huku kuiva, tangazo la BAKWATA, baraza kuu la Waislamu nchini, linasubiriwa, na katika nyumba moja kaka anaweza kula sikukuu huku dada bado amefunga. Wengi huilaumu simu. Ugomvi huo wa wanazuoni, kama mwezi wa mbali unatosha au ni lazima uonekane kwenu, ni mkongwe kuliko simu kwa karne nyingi. Simu iliuleta mezani, kwenye futari.

Ile hela tuma kwenye namba hii

Matapeli wameuelewa uzito wa kuhudhuria kabla yetu. Kila Mtanzania amewahi kupokea ule ujumbe, "ile hela tuma kwenye namba hii", na ndugu zake wa kidini: mganga asiyehitaji kukuona, nabii anayetaka sadaka ya mbegu kabla hajaombea, Freemason anayeajiri kwa ujumbe wa maandishi. Wote wanauza kitu kimoja, baraka isiyo na safari. Hawataki uje, kwa sababu ukija utawaona.

Kabla ya kutuma, jiulize:
- Namba hii ni ya nani, na ningeweza kwenda kuketi naye?
- Akichukua fedha asifanye alichoahidi, nani wa karibu yangu atamwuliza?
- Ananiambia niache dawa za hospitali? Kama ndiyo, zuia namba hiyo papo hapo.

Swali la pili ndilo zito. Babu wa Loliondo, pamoja na yote ya kumlaumu, alikuwa na mlango. Walimwendea mawaziri, waandishi wa habari na watafiti, wakamkuta ameketi palepale, hadi alipofariki tarehe 30 Julai 2021.

Nina ombi kwa msomaji. Fungua orodha ya miamala ya simu yako ya mwaka huu, tafuta jina moja ulilolitumia rambirambi bila kufika. Namba yake bado unayo. Mpigie umuulize Jumamosi yupo nyumbani, kisha uende.